Hii kazi ya kuchukua damu ni kozi au ni mkono wa kuzaliwa nao?

Sindano_Njema #1
Wakuu salama? Niende moja kwa moja. Juzi nilimsindikiza mama hospitali, daktari kaandika vipimo vinne, tukaenda chumba cha kuchukulia damu. Wa kwanza kachoma, patupu. Wa pili kahamia mkono mwingine, akawa anapekua na sindano ikiwa ndani ya nyama, mama kauma meno, mi naangalia dari. Halafu kaja jamaa mmoja mfupi hivi, hana haraka na mtu, kafunga mpira, kafumba macho, kaweka kidole kimoja kwenye kunjo la mkono kama anasikiliza kitu ukutani. Sekunde kumi hivi. Kachoma mara moja, vichupa vyote vikajaa. Mama anamuuliza "umeshaanza?" kumbe mwenzie keshabandika pamba.

Toka siku ile sina amani, nataka hii kazi. Naomba kujuzwa njia za kuingilia, inachukua muda gani, lazima niwe nilifaulu kemia au hata mimi wa daraja la kawaida nafaa, na je unaweza kuishi kwa hiyo kazi au ni ya kupitia tu.

Na nitoe dai kabisa mnibishie: huu ni mkono wa kuzaliwa nao, cheti ni karatasi ya kuombea kazi. Wale wawili waliomtoboa mama bure nao si walisoma?

Kiti_Cha_Mbele #2
Nimeweka kambi hapa, wajuzi shukeni.

BintiMaabara #3
Pole kwa mama. Ila dai lako ni bovu nusu nzima.

Yule aliyefumba macho hajafanya maajabu, amefanya kile tunachofundishwa wiki ya kwanza na wengi wanakiacha wakishazoea: mshipa unatafutwa kwa kidole, sio kwa macho. Vile vya bluu unavyoviona juu juu mara nyingi ni vyembamba na vinateleza, ukichoma vinakimbia pembeni. Mshipa mzuri ukiubonyeza unazama halafu unarudi juu, kama tairi la baiskeli lililopungua upepo kidogo. Kano ni ngumu kama waya wa gitaa na hairudi. Ateri, ule mshipa unaotoa damu moyoni, inapiga, na ukiona kitu kinapiga chini ya kidole toa mkono hapo uende kwingine. Hao wawili wa kwanza naapa walichoma kwa macho.

Na kupekua na sindano ndani ya nyama ni kosa kubwa, upande wa ndani wa kiwiko pale kuna ateri na neva vinapita jirani kabisa na mshipa. Ukikosa toa, jaribu mara ya pili, ukikosa tena mpe mwenzio. Aibu haiui.

Mzee_wa_Zamu #4
Kijana #1, milango iko mitatu. Kuna wanaoingia kama mafundi wa maabara, huko kuchukua damu ni kipande tu cha masomo, na kemia hapo utaiona vizuri sana. Kuna manesi, wao wanachukua damu katikati ya kazi nyingine mia. Halafu kuna huyu wa kuchukua damu peke yake, flebotomisti, kozi yake ni ya wiki au miezi sio miaka, na kemia hawakubani. Huyu wa tatu utamkuta sana Marekani na Uingereza, sehemu nyingi duniani cheo hicho hakipo kabisa, kazi inafanywa na hao wawili wa mwanzo. Kwahiyo kabla hujalipa ada popote nenda hospitali unayotaka kufanyia kazi ukaulize: huyu anayechukua damu hapa mmemwajiri kwa cheti gani? Jibu hilo lina faida kuliko matangazo yote ya vyuo.

Nyuki_Mkali #5
Marekani huwezi kushika sindano bila leseni ya serikali, jimbo lolote lile, wenzetu hawacheki na hii kitu.

Mzee_wa_Zamu #6
Nyuki hapo umeteleza. Majimbo yanayodai leseni au cheti cha serikali kwa flebotomisti ni manne tu, California, Louisiana, Nevada na Washington. Kwingine ni mwajiri ndio anataka cheti cha chama cha kitaaluma, na wengi wanataka kweli, ila sio sheria ya jimbo. California ndio wakali zaidi, masaa 40 ya darasani, masaa 40 ya vitendo, na kwenye vitendo uwe umetoa damu mishipani mara 50 na kwenye kidole mara 10 kwa watu halisi. Uingereza wao hospitali nyingi zinakuajiri kwanza halafu zinakufundisha humo humo, wanachoangalia ni kama umewahi kuhudumia watu.

Sasa Sindano_Njema, mara 50 hizo ni mkono wa kuzaliwa nao?

Sindano_Njema #7
Hamsini tu mzee? Hizo si napiga wiki moja?

BintiMaabara #8
Hamsini ni ya kukuruhusu uanze kukosea bila kushikwa mkono. Chumba chenye watu unapiga hamsini kabla ya mchana. Mimi nilianza kujiamini nilipoacha kuhesabu.

MpigaChuku #9
Samahani nitoke nje ya mada kidogo. Hilo neno mnalolitamka kama mnaumwa meno, flebotomia, ni Kigiriki, mshipa na kukata. Na kweli zamani walikuwa wanakata, damu inamwagwa kwenye bakuli wakiamini ugonjwa unatoka nayo. George Washington mwaka 1799 aliumwa koo, wakamtoa damu mara kadhaa siku moja, usiku huo huo akafariki. Kwahiyo babu wa kazi yenu ni huyo.

Kwa Kiswahili tuna chuku, ile pembe ya kuumikia damu. Napendekeza tuwaite wapiga chuku.

Kiti_Cha_Mbele #10
Hahaha halafu mgonjwa aambiwe subiri hapo mpiga chuku anakuja. Ataamini matokeo kweli?

Nesi_Asiyelala #11
Jina ni tatizo la kweli jamani. Ukisema "mtoa damu" watu wanajua ni yule anayechangia damu. Wodini tunasema tu "mwite mtu wa damu".

MpigaChuku nyongeza kwenye yako, kumwaga damu kama tiba bado kupo kwa magonjwa machache, mfano wale ambao mwili unalimbikiza chuma kupita kiasi, wanatolewa kama nusu lita kwa kikao. Usiwafunge wote kwenye kapu la Washington.

Sindano_Njema #12
Swali la aibu. Mi mwenyewe nikiona damu yangu naona nyota. Ya mtu mwingine naangalia vizuri tu. Nafaa?

Nyuki_Mkali #13
Tafuta kazi nyingine bro. Siku ukianguka na sindano mkononi utamuua mtu.

Nesi_Asiyelala #14
Nyuki usimtishe mtoto wa watu. Mimi nilianguka siku ya kwanza ya vitendo, na haikuwa kwa mgonjwa, lilikuwa lile doli la plastiki lenye maji mekundu ndani. Nimezindukia chini naangalia soli za viatu vya mwalimu. Leo mwaka wa tisa. Inaisha kwa kuzoea, na siku za mwanzo usisimame umekaza magoti.

BintiMaabara #15
Wengine haiishi lakini, tuseme na hilo. Tulikuwa darasa moja na kaka mmoja mkono wake mwepesi kuliko wetu wote, alivumilia muhula mzima jasho linamtoka, mwisho akahamia upande wa kuangalia vioo kwenye darubini. Damu ile ile ikiwa kwenye kioo hana shida nayo. Jaribu kukaa siku nzima chumba cha damu uangalie tu, hiyo itakupa jibu lako.

Popo_wa_Usiku #16
Uzi mzuri. Mimi ni flebotomisti wa zamu ya usiku, nachotaka kumwambia mleta uzi ni kwamba kuchoma ndio sehemu rahisi. Kinachofukuzisha watu kazi ni majina.

Mwaka wangu wa kwanza, saa kumi alfajiri, naingia wodini taa zimepunguzwa, nasema "fulani bin fulani?", mzee kitandani anasema "ndiyo". Nikamtoa vichupa vitatu. Narudi kaunta kubandika lebo nakuta fulani alihamishwa kitanda jana jioni, yule mzee alikuwa anaitikia tu kwa vile ameamshwa. Mungu saidia niligundua kabla hazijaondoka. Toka hapo simtajii mtu jina lake, namwambia niambie jina lako kamili na umezaliwa lini, nalinganisha na karatasi na bangili ya mkononi, na lebo nabandika pale pale kitandani kabla sijanyanyua mguu. Na sibandiki lebo kwenye kichupa kitupu hata unipe nini.

Sasa na mimi nina langu, naombeni msaada. Huu mwezi wa pili maabara wananirudishia sampuli, potasiamu iko juu. Mgonjwa mzima, moyo mzima, figo nzima, potasiamu 5.8, 6.1. Wakirudia mchana na mtu mwingine inakuja 4.2. Ni zangu tu! Mkuu wa kitengo ameanza kuniangalia vibaya. Nakosea wapi?

Mzee_wa_Zamu #17
Unawaambia wakunje ngumi na kukunjua? Hiyo ndio dawa ya kupandisha potasiamu. Misuli inapofanya kazi huku mpira umefunga, potasiamu inatoka kwenye misuli inajaa pale pale unapochotea. Mwambie akunje mara moja ashikilie, basi, au asikunje kabisa.

Popo_wa_Usiku #18
Hiyo nimeacha wiki tatu zilizopita mzee. Wagonjwa wangu wengi wako usingizini, wa kukunja ngumi yuko wapi.

Nesi_Asiyelala #19
Mpira unafunga muda gani? Usizidi dakika moja. Usiku mtu anafunga, anakumbuka glavu, anakumbuka spiriti, anasubiri spiriti ikauke, mkono umeshakuwa zambarau.

Popo_wa_Usiku #20
Nafunga, natafuta, nafungua, naandaa vitu, nafunga tena. Kwa kitabu kabisa.

BintiMaabara #21
Popo unaanza na kichupa gani? Hapa ndio wengi wanaponzwa. Mpangilio ni chupa za kuotesha vijidudu kwanza, halafu kifuniko cha bluu mpauko, halafu nyekundu au dhahabu, kijani, zambarau, mwisho kijivu. Zambarau ina dawa ya kuzuia damu isigande, na ile dawa ni chumvi ya potasiamu yenyewe. Ukitoa zambarau kwanza halafu nyekundu, au mbaya zaidi ukimimina kutoka zambarau kujazia nyekundu iliyopungua (wapo wanaofanya, nawajua), tone dogo tu linatosha kumgeuza mtu mgonjwa wa figo kwenye karatasi.

Ila dawa hiyo hiyo inakamata kalisiamu. Ikiwa ndio hiyo basi kalisiamu yao itakuwa imeshuka ajabu. Kalisiamu ilikuwa ngapi?

Popo_wa_Usiku #22
Kalisiamu hazikuagizwa, za usiku ni potasiamu, sodiamu na figo basi. Mpangilio naujua usingizini na simimini kitu. Nikikosa ujazo naacha hivyo hivyo.

Fundi_Sentrifyuji #23
Nimeingia kwa ajili ya hili. Binti maelezo yako sawa ila unaruka swali la kwanza ambalo sisi wa ndani tunauliza: ile serumu, yale maji yanayobaki juu damu ikishazungushwa kwenye mashine, ilikuwa ya rangi gani? Ikiwa nyekundu au ya waridi, chembe za damu zimepasuka, na ndani ya chembe kumejaa potasiamu. Kinachopasua ni sindano nyembamba sana, kuvuta kwa bomba la mkono kwa nguvu, spiriti ambayo haijakauka, kutikisa kichupa kama unachanganya rangi. Kichupa hakitikiswi, kinapinduliwa taratibu, zambarau mara nane mpaka kumi, bluu mara tatu nne zinatosha.

Popo unatumia sindano namba ngapi?

Popo_wa_Usiku #24
Kipepeo, ile sindano nyembamba yenye mabawa, namba 23, karibu kwa wote. Wazee wa wodi yangu mishipa yao kama uzi.

Rangi nimeuliza, wanasema baadhi waridi, baadhi safi kabisa.

Fundi_Sentrifyuji #25
Baadhi safi?? Hapo umenivuruga. Zile za waridi ni kipepeo chako, badilisha urudi 21, ile nene kidogo, kwa wanaoweza. Zile safi basi ni muda na baridi. Usiku sampuli zinakaa wapi zikisubiri mtu wa maabara? Msiniambie kwenye friji. Damu nzima ambayo haijazungushwa ukiiweka kwenye baridi, zile pampu za chembe zinazorudisha potasiamu ndani zinalala, inavuja nje polepole, na chembe haipasuki, kwahiyo serumu inabaki safi inakudanganya.

Popo_wa_Usiku #26
Zinatumwa papo hapo kwa bomba la hewa, lile la ukutani. Zikifika huko sijui wanaziweka wapi.

Mzee_wa_Zamu #27
Haaa! Bomba la hewa! Mbona hukusema toka mwanzo. Sampuli inarushwa ghorofa nne inapiga kona inatua kwa kishindo, chembe gani itabaki nzima?

Fundi_Sentrifyuji #28
Na mchana wanatumia bomba gani mzee, si hilo hilo? Na za mchana zinakuja 4.2.

Kiti_Cha_Mbele #29
Nilikuja kutafuta kazi kama mleta uzi, sasa hivi naogopa hata kupimwa.

Swali la pembeni, mbona mnachukua vichupa vingi hivyo? Mtaani tunasema mnaziuza.

Nesi_Asiyelala #30
Kichupa kimoja ni mililita 4 au 5 hivi. Vitano havizidi 25. Anayechangia damu anatoa kama 450 kwa mkupuo na anaondoka kwa miguu yake. Na hiyo yako ina dawa ndani ya kichupa, nani atainunua.

Nyuki_Mkali #31
Hamjamwambia hatari. Mleta uzi ukijichoma na sindano ya mgonjwa ndio basi, maisha yamekwisha.

Nesi_Asiyelala #32
Nyuki leo umeamua. Hayajakwisha, nilishajichoma. Mwaka wa pili, nimemaliza, nikarudishia kifuniko kwenye sindano kwa mikono miwili, kitu ambacho nilikuwa nimekatazwa mara mia, ikapita pembeni ya kifuniko ikaingia kidole cha shahada. Kitone kidogo, hakiumi hata. Niliosha kwa maji na sabuni, nikaripoti, nikaanza dawa za kuzuia VVU usiku ule ule, maana zinatakiwa ndani ya masaa 72 na mapema ndio bora. Kwa VVU, sindano yenye damu ya mwenye virusi inaambukiza kama watu 3 kati ya 1000 hata wasipopata dawa. Homa ya ini B ndio hatari zaidi kwa asiyechanjwa, inaweza kufika 30 kati ya 100. Kwahiyo Sindano_Njema, kabla hujagusa mtu maliza chanjo ya homa ya ini B. Chuo kisichokuuliza chanjo kikimbie.

Kilichonitesa sio dawa, ni zile wiki za kusubiri vipimo vya kurudia. Mume wangu alikuwa ananiangalia nikila bila kusema kitu.

MpigaChuku #33
Dada pole sana. Leo sipigi chuku.

Sindano_Njema #34
Asanteni wote, sikutegemea. Nesi umenigusa. Kesho naenda kuuliza kama alivyosema mzee #4. Wakati nasubiri nimeanza mazoezi, nimenunua sindano na vichupa famasi, mdogo wangu kakubali mkono wake.

BintiMaabara #35
WEWE. Rudisha hizo sindano. Mdogo wako muache na mkono wake. Unachoweza kufanyia mazoezi nyumbani ni kidole tu: funga mkono wa mdogo wako kwa kitambaa, vidole vinne juu ya kunjo, tafuta mshipa umefumba macho, utie alama kwa kalamu, fungua. Dakika moja isizidi. Fanya kwa kila anayekuja kwenu, mnene, mwembamba, mzee. Utakapofika chuo utakuwa umewaacha wenzio mbali na hujamtoboa mtu.

Sindano_Njema #36
Nimekuelewa dada. Nitaanza na baba, ila yeye kunjo lote halina kitu, nabonyeza naona nyama tu.

BintiMaabara #37
Sogea upande wa kidole gumba. Kuna mmoja unapita pembeni pale, watu wanausahau.

Sindano_Njema #38
Dah. Upo! Unazama unarudi, unazama unarudi. Baba anauliza nacheka nini.

Mzee_wa_Zamu #39
Mkono wa kuzaliwa nao huo?

Sindano_Njema #40
Mzee niache 😂

Popo_wa_Usiku #41
Wakuu nimerudi na jibu ambalo sio jibu. Usiku wa kuamkia leo nimejitolea mkono wangu, mwenzangu kanichoma na namba 21, vichupa viwili vyekundu, mshipa mmoja, dakika hiyo hiyo. Cha kwanza nimekipeleka kwa mkono mpaka dirishani, cha pili kimepanda bomba la hewa. Kilichopanda bomba 4.1. Nilichokibeba mwenyewe 5.6.

Fundi_Sentrifyuji #42
Serumu rangi gani?

Popo_wa_Usiku #43
Safi zote mbili.

Mzee_wa_Zamu #44
Ulipokuwa unafungwa mpira ulikunja ngumi? Cha kwanza ndio kingekula hiyo.

Popo_wa_Usiku #45
Nilikunja. Naogopa sindano mzee, ya kwangu mwenyewe.

Fundi_Sentrifyuji #46
Sawa, hiyo inaeleza wewe. Haielezi wagonjwa waliolala. Dirishani ulimkabidhi nani?

Popo_wa_Usiku #47
Hakukuwa na mtu. Niliacha kwenye trei.

BintiMaabara #48
Trei iko wapi Popo? Chini ya kiyoyozi?

Popo_wa_Usiku #49
Ngoja nikaangalie leo usiku.